Memori ya Mtumba

Tangu sheria ikataze kufuta vipuri vya kompyuta vilivyotumika, memori ya mtumba huuzwa pamoja na mazoea ya nyumba ilikotoka. Ndiyo maana ni rahisi.

Mume wangu Hamdani, anayebishania hata bei ya nyanya, safari hii alinisihi: "Mama Salha, kwa Shebe usinunue memori ya mtumba. Chukua mpya."

Nilishangaa. Lakini Shebe ndiye muuzaji pekee mjini kwetu, na fedha haikutosha prosesa nzuri pamoja na memori mpya. Nikachukua ya mtumba, nikaifunga mwenyewe, nikawasha kompyuta.

Jioni Hamdani alikohoa mlangoni.

"Karibu nyumbani, Baba Nasra," kompyuta ikasema.

Mtoto wetu ni mmoja tu, Salha.

Hamdani hakuuliza inamsemesha nani. Aliniomba bisibisi.