Mstari wa Chumvi

Nilirudi Gisenyi kutoka kumzika mama yangu. Mume wangu, Théoneste, alinipokea begi mlangoni.

"Anemoni zako ziko bien. Kila asubuhi nilikuwa naongeza maji."

Niliinama mbele ya tangi la kioo. Wanyama wangu wa baharini, ambao huchanua kama maua, walikuwa wamejikunja kama ngumi. Maji yalikuwa yamepungua karibu nusu, na pale yalipokauka palibaki mstari mweupe wa chumvi. Mstari ule hautokei kwenye nyumba yenye mtu.

"Ulikuwa unalala wapi?"

Aliangalia simu yake kwanza. "Hapa. Kwa kitanda yetu."

Nikaikwangua chumvi kwa ukucha, nikamshika mkono, nikamwekea kiganjani.

Hakuuliza ni kitu gani.