Violet Hakulia

Thadeus alikuwa amelala chali sakafuni, shati limefunguliwa vifungo vyote, akingoja kupasuliwa kwa mwiko wa ugali. Mtu mzima, fundi magari anayeheshimika Rau nzima, na hapo alipo anabweka ili aonekane mbwa. Juu yake alisimama binti yake Violet, ambaye hata shule hajaanza, amejifunga kilemba cha mama yake. Yeye ndiye daktari.

Mbwa mwenyewe, Tomi, alikaa mlangoni akiwaangalia kama watu waliochanganyikiwa, na hakukosea.

Vituko vyote hivyo vilisababishwa na machozi ya Violet. Mtoto huyo analia, jamani, si mchezo. Krismasi iliyopita, kwa babu yake kule Kilema, kuku mmoja alichinjwa mbele yake, akaangua kilio hata majirani wakaja wamejifunga kanga viunoni wakidhani kuna msiba. Na sasa Tomi alikuwa hana budi kuhasiwa. Kila mara anatoroka kufuata majike, anarudi sikio limechanika, na jirani mmoja alishaapa kumtegea sumu.

Ubaya ni kwamba Bwana Kornel, daktari wa mifugo aliyepunguzwa kazi serikalini akafungua duka lake mwenyewe la dawa, alikuwa na nafasi wiki hiyo tu. Na wiki hiyo hiyo, Jumamosi, walikuwa wanakuja wageni wazito: Mzee Amon na ukoo wake, kuzungumzia ndoa ya mwanawe na Herieth, mdogo wake Thadeus.

Mzee Amon alitoka mbali, akazeekea kwenye mashamba ya miwa, na kumpendeza ni kazi. Mara ya kwanza alipokaribishwa mbege, pombe yetu ya ndizi, aliinusa, akaiweka chini, akasema yeye hatii kinywani kitu asichokijua. Tangu siku hiyo Herieth alikuwa hali akashiba, kutwa akiuliza mbele ya kila mtu Jumamosi mzee atapikiwa nini. Mchumba wake hathubutu kupinga neno la baba yake. Mzee akinuna, harusi hakuna. Ndiyo maana Thadeus aliapa kwamba Jumamosi hiyo halitadondoka chozi hata moja nyumbani kwake.

Basi akamweleza mtoto polepole, akiwa bado amelala pale chini. Tomi atachomwa sindano, atapata usingizi, atakatwa kidogo tu, wala hatasikia kitu. Violet akauliza, baada ya hapo atakuwaje? Thadeus akasema atatulia, hatazurura tena, na atanenepa.

"Kama mbuzi wa babu kule Kilema?"

"Hasa! Babu alimfanyia hivyo hivyo, na si umeona alivyo mnono?"

Violet akamtazama Tomi kuanzia masikio hadi mkia.

"Na shangazi Herieth anajua?"

"Anajua. Amefurahi kuliko sisi wote," alisema Thadeus, na hakudanganya, maana Tomi alishawahi kumtafunia shangazi viatu vya kanisani.

Midomo ya mtoto ikaanza kutetemeka. Thadeus akafumba macho, akingoja king'ora cha kilio. Lakini Violet akajifuta kwa kilemba, akasema kama ni kwa ajili ya shangazi, basi sawa.

Jioni ile Thadeus alijisifu bila kikomo. Alimweleza mkewe, Mektrida, kwamba mtoto anataka aelezwe ukweli kama mtu mzima, yakaisha; ni kina mama ndio wanaowadekeza. Mektrida akaguna, akaendelea kumenya ndizi.

Siku Tomi alipopelekwa, Violet alimpa nyama yake yote ya mchana. Akamkumbatia shingo na kumwambia asante. Thadeus akaona huyu mtoto wake ana adabu ya ajabu.

Kazi ilikwenda vizuri. Bwana Kornel akaleta habari kwamba atakaa na mbwa kwake kwa siku chache asije akalamba kidonda, kisha atamrudisha Jumamosi. Thadeus akamwambia Violet kwamba Tomi atakuja Jumamosi. Violet akaitikia kwa kichwa, akaenda kucheza.

Babu naye akamtoa yule mbuzi wake mnono kwa ajili ya wageni. Hapo ndipo Thadeus alipoonyesha akili nyingi. Ili mtoto asione damu, alipanga mbuzi ateremshwe kutoka Kilema moja kwa moja hadi uani kwa Bwana Kornel, achinjwe huko, apikwe huko. Jumamosi mchana pikapu ya Kornel ikaleta sufuria kubwa lililofunikwa. Tomi angefuata jioni, wageni wakishaondoka, asije akawarukia.

Violet alisimama barazani akiangalia sufuria likishushwa, wala hakulia. Alipopewa sahani yake akasema ameshiba.

Mzee Amon aliigeuza nyama upande huu na ule, akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni mbuzi, amehasiwa, amelishwa majani ya migomba. Akaonja. Akaongeza. Hatimaye akachukua paja zima kwa mikono miwili, akalegeza mkanda, akatangaza kwamba watu wanaokirimu wageni namna hii anataka wawe ndugu zake. Herieth, aliyekuwa amebana pumzi tangu asubuhi, akacheka kwa sauti.

Hapo Violet akaingia, gauni limenyooshwa, macho makavu kabisa. Thadeus akavimba kifua. Mtoto akamwendea mgeni, akamwamkia shikamoo, akaweka kiganja chake juu ya goti la mzee.

"Kula umalize, babu," alisema, na sebule nzima ikamsikia. "Tomi alikuwa mbwa mzuri, na baba amesema hakusikia maumivu hata kidogo."