Fidia ya Hénock

Jocelyne aliisukuma kalamu ikarudi upande wa wakili.

"Hapana, Maître. Kampuni inatoa kidogo halafu inataka tunyamaze."

Jemimah, wakili Mkenya mwenye ofisi Braamfontein, alimgeukia mume wa Jocelyne. Hénock alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mikono imelala mapajani kama ya mtu mwingine. Alimtazama mkewe kwanza.

"Kama anavyosema yeye," akajibu.

Hénock alikuwa mlinzi wa geti. Kabla ya baridi ya mwaka 2017, kampuni yake iliamuru walinzi wote wachomwe chanjo ya mafua. Asiyechanjwa hapati zamu. Alimwambia nesi kwamba kule Bukavu aliwahi kupoozwa na ugonjwa wa neva. Nesi akasita, akamwita meneja. "Mchome," meneja akasema. Wiki chache baadaye miguu ilikufa ganzi, kisha mikono. Ugonjwa ulikuwa umerudi. Kampuni ikasema ni pombe, ikamfukuza.

Tangu hapo Jocelyne hakutulia. Kazi yake ya saluni aliiacha. Alimsaka yule nesi hadi Soweto, akaketi mlangoni kwake kutwa nzima mpaka mwanamke wa watu akakubali kutoa ushahidi.

"Watalipa," alikuwa akisema, akimlisha Hénock uji. "Nimevumilia vya kutosha. Safari hii mtu atalipa."

Kanisani kwao, mtaa wa Bertrams, akina mama walimtaja mbele ya mabibi harusi. Mke ni yule, walisema.

Jambo moja tu lilimshangaza Jemimah.

"Mama, na wewe umepoteza kazi. Tudai na fungu lako."

"Yote iandikwe kwa jina lake. Yake peke yake."

Hénock alitokwa na machozi. Hata Jemimah ilibidi ainame, ajifanye anatafuta kitu kwenye droo.

Mahakamani nesi alisema yote. Meneja alikana, akajikanyaga kwa maneno yake mwenyewe, mwisho akabaki anajifuta jasho. Hukumu iliposomwa, Jocelyne hakushangilia. Alimfuata meneja kwenye korido.

"Eish, mama, si umeshinda? Unataka nini tena?"

"Nataka unitazame," alisema, na hakumpisha njia mpaka yule mtu alipomtazama.

Kampuni ilipomaliza kulipa, Jocelyne alirudi Braamfontein, safari hii peke yake. Jemimah aliinuka kumkumbatia, lakini mgeni wake alikuwa ameshaketi.

"Nitafutie wakili, Maître. Mkali kama wewe. Nina kesi nyingine."

"Kesi gani tena? Kama kuna kitu, mimi si nipo?"

"Wewe huwezi. Wewe ni wakili wa Hénock."

Jemimah alibaki amesimama.

"Krismasi ile kabla ya chanjo," Jocelyne alisema, "alinipiga ngumi mpaka mtoto akafia tumboni. Wakati ule ningemshitaki angenilipa nini? Sasa anacho."