Viatu vya Tunukiwa

Siku hizo viatu vya baleti ndivyo vilivyofundisha, wala havikukubali kuvuliwa mpaka mguu uive. Kwa siku ya tatu Tunukiwa alikula wali kizingitini, amesimama juu ya ncha za vidole, maana kwao mkeka haukanyagwi kwa viatu. Mama yake, Bi Zawena, alimlisha tonge kwa tonge. Utepe alishajaribu kuukata, mkasi ukapinda.

"Fanya plie tena, mwanangu. Kunja magoti, halafu inuka taratibu."

Tunukiwa akakunja, akainuka. Utepe ukalegea wenyewe. Bi Zawena akavivua viatu upesi, akavitupa uani.

"Haya, njoo mkekani ukae."

Tunukiwa alibaki palepale, juu ya vidole vitupu.

"Siwezi, mama. Visigino vimesahau kushuka."