Mhadhara wa Profesa Kobe

Wanyama walipofungua chuo kikuu, Profesa Kobe alipewa somo la faida za kunyoosha viungo. Alilifundisha tangu asubuhi bila kumruhusu mwanafunzi yeyote kusimama.

"Profesa," Swala akasema, "tunaomba mapumziko kidogo tunyooshe miguu. Imekufa ganzi."

"Keti! Mimi nimezaliwa ndani ya gamba, na uprofesa nimeupatia humu humu. Miguu ya nini darasani?"

"Kweli kabisa, Profesa," akadakia Fisi, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa kisingizio kwamba viti vimejaa. "Endelea, tunafaidi."

"Mnamsikia mwenzenu?" Kobe akatamba, akafungua sura nyingine.

Ilipofika jioni, Fisi alifunga mlango akawarukia. Swala alijaribu kuinuka, magoti yakakataa, akaanguka juu ya wenzake. Kobe, aliyechukia makelele wakati wa kipindi, aliingiza kichwa gambani mpaka yaishe.

Alipokitoa, alimkuta Fisi peke yake, akijilamba midomo.

"Wengine wote wametoroka?" Kobe akafoka. "Wavivu wakubwa! Wewe nakupa alama zote, maana ndiye pekee uliyevumilia mpaka mwisho."