Mgonjwa wa Jumamosi

Mzee Obadiah alipanga kuugua Jumamosi asubuhi, akishamaliza chai.

Alivaa koti lililochakaa, akaacha ndevu bila kunyoa, akajikohoza mbele ya kioo hadi mkewe Margaret akamkumbusha kutoka jikoni kwamba kikohozi hakimo kwenye shughuli ya leo. Leo ni presha.

Shughuli ilikuwa ya binti yao. Rita alikuwa mfamasia mjini Voi, na sasa alikuwa akisomea mtandaoni digrii ya pili, ya famasia ya kliniki. Obadiah alijigamba Werugha nzima kuhusu masomo hayo, ingawa chuo kisicho na geti wala kengele kilimtatiza kidogo. Juzi Rita alikuwa amepanda mlima kutoka Voi na ombi. Ana mtihani wa mdomo, alisema. Inabidi aketishe mgonjwa mbele ya kompyuta, mwalimu amhoji na kuangalia yeye Rita anavyomhudumia. Si lazima awe mgonjwa wa kweli. Anatakiwa mtu anayejua kuigiza.

Hapo alimkuna mzee panapowasha. Kila Krismasi Obadiah ndiye aliyekuwa Herode kwenye mchezo wa kanisani, na watoto wa Werugha walimkwepa hadi Pasaka. Tena yeye, ambaye hospitali aliipita kwa mbali kama nyumba yenye mbwa mkali, leo awe mgonjwa! Alicheka mpaka akafuta machozi.

Rita hakucheka. Alimpa masharti. Neno mtihani lisitajwe, maana mgonjwa wa kweli hajui mambo ya mitihani. Mwalimu aitwe daktari, kwa kuwa ndivyo walimu wao wanavyoitwa. Na asibuni ugonjwa wowote.

“Chukua mambo yako mwenyewe, Baba, bila kutia chumvi. Huyu mtu ananusa uongo kutoka mbali. Akikushika, mimi narudia mwaka mzima.”

Obadiah alikuwa ametaka aitwe Chifu Obadiah. Alikataliwa.

Kompyuta iliwekwa dirishani, penye mtandao. Kwenye kioo akatokea mwanamume mwenye miwani, Daktari Kimanzi, akamsalimu mzee kwa heshima na kumuuliza anasumbuliwa na nini. Obadiah akashusha pumzi ndefu. Akaeleza jinsi muuguzi alivyomwambia zamani kwamba ana presha, na jinsi alivyopewa tembe.

“Unazimeza?”

Mzee akainuka kuzileta, akiburuta mguu usiokuwa na tatizo lolote. Rita akakohoa. Mguu ukapona papo hapo. Akarudi na mkebe aliouficha chini ya kitanda, tembe zikiwa karibu zote.

“Nilimeza siku kichwa kilipouma,” alisema. “Kisipouma, za nini?”

Kwa maumivu ya magoti je, daktari akauliza, hatumii chochote? Anatumia, tena kila siku, tembe za kioski, anazitafuna kama njugu. Daktari akaandika, halafu akauliza kama huwa anapata kizunguzungu.

Obadiah aliteremsha sauti, kama anavyofanya Herode kabla ya kutoa amri.

“Nilianguka kwenye matuta ya kabichi. Nilipoamka sikujua kama ni asubuhi au jioni. Mama Rita nilimwambia nimeteleza kwa umande.”

Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Kwa jicho la pembeni alimwona Margaret, aliyekuwa amesimama mlangoni na thamosi, akiiweka chini polepole na kushika fremu ya mlango. Kumbe naye anajua kuigiza, mzee akawaza, na miaka yote hii anaachwa kwenye kwaya.

Rita akamfunga mashine ya presha mkononi, akasoma namba. Akambonyeza mguu juu ya kifundo. Kidole kikaacha kishimo. Daktari alinyamaza kwa muda. Obadiah aliupenda ukimya huo. Ndivyo kanisa linavyonyamaza mchezo ukiwa umewakolea.

Kisha daktari akasema bila kuzunguka. Zile za magoti aziache leo, zinapandisha presha na kuumiza figo. Magoti atatafutiwa dawa nyingine. Za presha ni kila asubuhi, kichwa kiume kisiume. Jumatatu ashuke Voi akapimwe damu na moyo.

“Utakuja, mzee?”

Obadiah alisimama wima, akainua mkono wa kulia.

“Mbele za Mungu na mbele ya mke wangu, nitameza kila asubuhi, na Jumatatu nitashuka Voi. Mama Rita, wewe ni shahidi.”

“Nimesikia,” alisema Margaret.

Rita aliuelekeza uso nje ya dirisha, mabega yakimtikisika. Babake akamhurumia. Masomo haya yatamuua mtoto kwa wasiwasi, aliwaza. Amebanwa hata hawezi kutazama.

“Basi, kwa leo tumemaliza,” alisema daktari.

Obadiah alikuwa akiyangoja maneno hayo. Alivua lile koti, akainama kidogo kama mbele ya washirika wanaopiga makofi, kisha akavuta kiti karibu kabisa na kompyuta.

“Sasa tuzungumze kama watu wazima, Daktari. Mimi mchezo wangu umeisha. Binti yangu amepita mtihani?”

Daktari Kimanzi alivua miwani.

“Mtihani gani, mzee?”

Obadiah akageuka. Rita hakuwa dirishani, Margaret hakuwa mlangoni, na kutoka jikoni kilisikika kicheko cha wanawake wawili walioibana midomo kwa leso.