Picha ya Nyanzala

Nyanzala alikuwa mfagizi katika kampuni iliyojitangaza kufuta madeni ya watu. Siku moja meneja alimwamuru atabasamu, akampiga picha, na kesho yake ikatundikwa barabarani: "Deni langu limefutwa!" Alipolalamika, meneja alimjibu, "Kama hutaki, kazi huna."

Jirani yake Bi Tatu, fundi cherehani, aliiona picha ile akaamini, akajiunga ili deni lake nalo lifutwe. Badala yake likazidi kukua, hadi siku moja kampuni ikaja kubeba cherehani yake.

"Nilijiunga kwa kukuona wewe, mwanangu," Bi Tatu alimwambia Nyanzala alipofika kwake, bila hasira.

Nyanzala akapiga magoti pale cherehani ilipokuwa, akaanza kuokota nyuzi sakafuni, Bi Tatu akimtazama.